Sabuni Isiyotoa Povu

Mama,

Ninakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kizingiti cha chumba ulichofia. Kaburi lako naliona kutoka hapa, kati ya choo na ukuta wa jirani, kando ya kaburi la bibi, pale pale ulipotaka. Keji, mdogo wako, yuko uani anaosha vikombe. Ameshaniuliza ninaandika nini, nikamjibu kwamba ni maombi ya chuo. Shule nimemaliza, na msichana aliyemaliza shule akikaa tu hapa mtaani kwetu, Juba Na Bari, watu huanza kumtazama kama mzigo uliosahauliwa stendi.

Keji hawezi kujua kama ninasema kweli, kwa sababu ninaandika kwa Kiswahili. Lugha hii tuliiokota uhamishoni Uganda, wewe sokoni na mimi darasani kwa mwalimu aliyetoka Busia, yule uliyemwita Bwana Ngeli. Yeye hakukimbia hata mara moja. Vita vyote vilimkuta hapa na vikamwacha hapa, na Kibari chake na Kiarabu cha Juba vinamtosha. Kwa hiyo barua hii iko wazi kwa kila mtu isipokuwa yeye. Mtu akiisoma na akadhani anamfahamu, namsihi asimtafsirie. Hata hilo la Keji si jina lake.

Nianze na siku njema, maana zilikuwepo. Unakumbuka sista, yule nesi wa kuzungukia wagonjwa, alipokuja kwa pikipiki mara ya kwanza, kule kambini? Ulikuwa umejikunja mkekani, umeng'ata kitenge hadi kikatoboka. Mimi nilisimama mlangoni nikiona haya hata kusema karibu. Alivua kofia yake, akakaa chini kabisa, udongoni, akakuuliza, "Mama, maumivu iko ngapi? Nionyeshe na mkono. Ngumi ni hakuna. Vidole tano ni mbaya kabisa."

Ukamnyoshea vidole vitano. Halafu ukanyosha na mguu.

"Kumi haiko kwa kitabu yangu," alisema sista, akacheka hadi akafuta macho.

Alinituma nilete chupa tupu ya maji ya dukani, niisuuze vizuri. Akaimiminia dawa ya kijani, mofini ya kunywa, akanionyesha kiasi cha kukupa na saa za kukupa, akasema isikae juani. Hakuomba hata chai. Kisha akasaga vidonge vingine, akanyunyiza unga wake kwenye kidonda cha titi lako, na kufika Jumapili ile harufu iliyokuwa inawafukuza majirani ilikuwa imeondoka. "Hii ya kijani ni ya kuanza," alituambia. "Ikishindwa, iko nyekundu. Nyekundu ni kali, ni ya wale wamekaribia."

"Basi mimi hapana taka kuona hiyo nyekundu," ukamjibu.

Ulilala mchana kutwa. Ulipoamka ulionja mchuzi wangu ukauliza, "Nani alipika takataka hii?" Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kwa furaha. Kwa miezi mingi hukuwa na nguvu ya kunitukana.

Tungebaki kule. Nimelifikiria hilo hadi kichwa kimechoka. Lakini ulikuwa umeyaona makaburi ya kambini, yale ya mistari, misalaba ya miti inayoliwa na mchwa kabla mwaka haujageuka. Kwenu mtu huzikwa uani, watoto wake wakimpita kila asubuhi wakienda kuteka maji. Ukamwambia sista, "Mimi naenda nyumbani. Mimi hapana kufa kwa shamba ya watu."

Sista akatikisa kichwa. "Mama, huko kwenu sijui kama dawa iko."

"Juba ni mji. Iko na ndege, iko na mawaziri. Itakosa chupa moja ya maji ya kijani?"

Alikujazia chupa hadi shingoni, ya kukuvusha tu, akasema, hadi hospitali ya kwetu ikupokee. Nikaibeba chupa ile, mtoto wangu wa plastiki, mapajani njia nzima, nimemfunga kwa taulo, kupita mpakani Nimule hadi Nesitu, karibu na Juba, tuliposimama malori yapoe. Ulikunywa chai ukiwa umeegemea gurudumu. Ulikuwa na furaha ya kupita kiasi. Ukawahesabia madereva mizigo yao kwa kidole kama ofisa wa ushuru: nyanya za Uganda, mayai ya Uganda, saruji, soda, hata maji. "Tazama, Kiden," ukasema. "Kila kitu inavuka."

Keji alitupokea kwa vigelegele. Lazima niliandike hilo, kwa sababu ni kweli. Alikuwa amekupigia chumba chokaa, amekuwekea kitanda chake mwenyewe, yeye analala chini. Watu walianza kumiminika kabla hujavua viatu. Kwetu mgonjwa aliyerudi kutoka uhamishoni ni lazima kila mtu amwone: wa kanisani, wa mtaani, wa ukoo, hata waliokudai zamani na kusamehe. Na kila anayekuja ni lazima anywe chai. Keji aliazima vikombe vya umoja wa akina mama, sanduku zima. Yeye ni mtu wa vikombe, unamjua. "Mgeni asitoke kwangu akasema alikunywa kwenye mafuta ya mwenzake."

Ile chupa uliiweka wewe mwenyewe nyuma ya mtungi wa maji, uani, chini ya kibanda cha kuoshea vyombo, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa na baridi. Lilikuwa wazo zuri. Hapo hapo kando ya mtungi ndipo Keji huweka sabuni yake ya maji, ile ya kijani ambayo wanawake hutengeneza nyumbani na kuiuza katika chupa za maji za dukani.

Alasiri moja nilikuwa napanga viti. Nikasikia sauti yake inapanda kutoka kwenye beseni. "Ya Kiden! Hii sabuni mliyoleta kutoka Uganda ni ya namna gani? Haitoi povu. Nimemimina nusu, nimemimina yote, maji matupu!"

Wanawake wakacheka. Mmoja akasema, "Wauganda wamewauzia rangi, malesh, poleni."

"Watu wa kambi wanaibiwa hivi hivi," Keji akasema, akainua chupa tupu juu wote waione. Kisha akachukua yake, akaosha upya, na maji yale ya kwanza akayamwaga njiani mbele ya lango ili vumbi lisiwasumbue wageni.

Nilisimama na kiti mkononi. Unajua jinsi nilivyo, sauti yangu hukwama kwenye koo hata darasani ninapojua jibu. Wewe ulikuwa umesikia yote kupitia dirishani. Ukaniita. "Kiden. Kuja."

Nikaja.

"Yeye najua alimwaga nini?"

"Hajui."

Ulitazama dari, na nikaona unavyopima. Kisha ukacheka. Kicheko kidogo, cha puani. "Leo vikombe ya Keji hapana sikia maumivu." Ukanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu. "Usimwambie. Sema dawa imeisha. Ukimwambia atalia mpaka mimi nazikwa, na mimi hapana taka kufa kwa kelele ya watu wawili."

Nikasema nimesikia.

Dawa ya mwisho uliyokuwa umekunywa asubuhi ilianza kukuacha jua lilipoinama, na wageni walikuwa bado wanakunywa chai.

Kesho yake nilikwenda hospitali. Nilikaa kwenye benchi hadi nikaitwa, na daktari akaniambia niseme kwa sauti, yeye si padri. Nikasema: mofini. Aliniangalia kwa mara ya kwanza. Hakuwa mtu mbaya, mama. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Aliniuliza ugonjwa wako, nikamweleza kidonda, mifupa, kila kitu. Akasema zile sindano chache walizonazo ni za chumba cha upasuaji.

"Ni za mtu atakayeamka," akasema. "Mama yako hataamka. Nikimpa yeye, kesho nitamkata mtu mguu kwa maombi. Unataka nichague nani?"

Akaniandikia vidonge vya panadoli.

Nilimpigia sista. Akasema dawa ile haivushwi mpakani bila kibali na mtu asiye mgonjwa mwenyewe, lakini tukikuleta Nimule atakuja mwenyewe upande wake na chupa. Wakati huo hukuweza kukaa, hata kubadilishiwa shuka kulihitaji watu watatu. Nikaenda Nesitu kwenye malori, nikamwomba dereva mmoja mwenye uso wa upole. Alinisikiliza hadi mwisho. "Dada, nyanya nitakubebea. Mbuzi nitakubebea. Hiyo wakinishika nayo mpakani, wewe ndiye utakayemwoa mke wangu?" Wenzake wakacheka. Walikuwa wanapakua mayai.

Nyumbani, Keji alikuwa akija na habari za mama wa mheshimiwa. Unamkumbuka yule bibi wa Nyakuron, anayesali kanisani kwa Keji, aliyekuwa na ugonjwa kama wako, titi lile lile la kushoto. "Analala kama mtoto," Keji alisema akikupangusa jasho. "Nimemwona kwa macho yangu. Hanung'uniki. Imani, dada. Wewe unapiga kelele kama mtu asiye na Mungu. Jikaze. Mbona kuzaa tulizaa kimya?"

Ulinitazama juu ya bega lake. Ulikuwa na kitambaa mdomoni, lakini macho yako yalisema: nyamaza.

Nilijua usingizi ule una dawa ndani yake, basi nikaenda Nyakuron, nyumbani kwa mheshimiwa. Mlinzi wa lango aliniangalia kuanzia viatu. "Unatafuta kazi au bwana? Kazi hakuna. Bwana ni mimi." Nikasema ninamtafuta nesi. Alinizungusha hapo juani hadi akachoka na mzaha wake mwenyewe, akaniita mfupi, akaniita bubu, kisha akafungua.

Yule bibi alikuwa amelala barazani chini ya feni, amevaa gauni la bluu, miguu yake imepakwa mafuta. Alikuwa anakula tikiti maji. Mama, alikuwa anatema mbegu kwenye sahani moja baada ya nyingine, akisikiliza zinavyolia. Sijawahi kumwonea mtu wivu kama nilivyomwonea kikongwe yule anayekufa.

Nesi alitoka. Aliongea kwa sauti ya chini na ya haraka. "Kila sindano imeandikwa jina lake. Zinakuja na ndege kutoka Nairobi. Ikipungua moja, mimi ndiye wa kwanza kuulizwa."

"Moja tu," nikasema.

"Moja itamfaa mama yako hadi saa ngapi? Halafu utarudi."

"Nani huyo?" bibi akauliza.

"Msichana amepita, anaomba maji."

"Mpe, jua kali," bibi akasema. "Mpe ya baridi."

Wakanipa chupa ya maji, ya baridi, haijafunguliwa. Bibi akanipungia mkono. Nikashukuru. Hilo ndilo neno nililosema pale, kwa sauti iliyosikika vizuri: asante.

Sikuinywa njiani. Sijui kwa nini. Nilikuja nayo mkononi, na wewe ulikuwa umeegemezwa mlangoni upate hewa. Uliniona tangu langoni. Uliona chupa. Uso wako uliokuwa umekunjamana tangu siku ya vikombe ulifunguka wote kwa mara moja, ukawa uso wa siku ile ya mchuzi, ukaanza hata kunyosha mkono. Nilikuwa bado mbali na wewe. Ilinibidi nitembee uani mote huku ukinitazama, na kila nilivyokaribia uliona vizuri zaidi kwamba maji yale hayakuwa na rangi.

"Ni maji tu, mama," nikasema.

"Iko baridi?" ukauliza.

"Ndiyo."

"Basi leta."

Yaliyofuata nitayaandika kwa ufupi. Kidonda kilianza kunuka tena, na wageni wakawa wanasalimia kutoka dirishani. Akina mama wa kanisa walikuja kukuimbia. Ulipopiga kelele waliongeza sauti. Ulipoongeza wewe, wakaongeza ngoma. Walidhani wanakusaidia. Mtu aliyepita barabarani angedhani kuna harusi. Hakuna aliyekaa chini akakuuliza maumivu ni mangapi, lakini wewe ulikuwa unaonyesha. Mkono wako ulikuwa umeanguka nje ya shuka, vidole vitano vimenyooka, na mwanamke mmoja aliudhania unaomba baraka, akaushika na kuusalimia.

Ulikufa mchana, katikati ya ubeti. Iliwachukua muda kujua, wakaendelea kuimba.

Msibani Keji alisifiwa. Watu walisema hakuna matanga yaliyohudumiwa vile mwaka huu, vikombe viling'aa kama vya hotelini. Alipokea sifa zile huku analia, na mimi nilimshika bega. Nilitimiza uliloniomba. Mama wa mheshimiwa naye alikufa wiki zile zile, kimya, na padri akatoa mahubiri juu ya kifo chema. Alisema kifo chema ni tunda la maisha mema. Nilikaa kwenye benchi la nyuma na sauti yangu ikakwama mahali pake pa siku zote. Ndiyo sababu ninaandika. Kifo chema, padri, hushushwa uwanja wa ndege kikiwa na jina la mtu juu yake, na kule kambini Uganda hugawiwa bure katika chupa iliyosuuzwa. Mama yangu aliyapita yote mawili akija kutafuta kaburi. Hapa kwetu mtu maskini analazimika kuchagua apate usingizi lini, kabla ya kufa au baada.

Hilo ningeweza kuishia nalo, lakini juzi Keji aliniita. "Kiden, taali, njoo." Alikuwa kwenye beseni. Alijifuta mkono, akauchukua wangu, akauingiza chini ya blauzi yake, upande wa kushoto. Kivimbe kilikuwepo. Kigumu, kidogo, kama kokoto ndani ya unga.

"Hakiumi," akasema.

Wewe pia ulisema hivyo, mama. Ulisema kwa sauti ile ile.

Nikamwambia twende Uganda sasa, wakati anaweza kukaa kwenye gari. Nikamwambia sista yuko, kuna matibabu, na kama matibabu yakishindwa kuna dawa ya maumivu. Akatikisa kichwa akielekeza kidevu kwenye kaburi lako. "Nimuache dada yangu peke yake hapo na mama? Mkinizika huko nitarudi niwasumbue." Akachukua kikombe, akakizungusha. Halafu, bila kunitazama, akasema, "Nilikuwa namwambia ajikaze. Nikianza kulia mimi, mtanicheka."

"Hatutakucheka, khaltu," nikamwambia mama yangu mdogo.

"Ile dawa yake mliyokuja nayo, iliyokwisha. Ilikuwa ya rangi gani? Labda soko la Konyokonyo inauzwa. Nikiiona niitambue."

Mikono yake ilikuwa ndani ya maji. Chupa ya sabuni ilikuwa kando ya mtungi, kijani, nusu. Alikuwa ananitazama sasa, anangoja, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu jibu lilitoka bila kukwama.

"Nyekundu," nikasema.

"Nyekundu," akarudia, kama mtoto anayekariri. Akamimina sabuni, povu likapanda.

Sikudanganya yote, mama. Nyekundu ipo. Ni ile ya waliokaribia, ile uliyokataa kuiona na ambayo ungeipigia magoti. Kila siku ya soko sasa namwona anasimama kwenye meza za dawa, akiangalia chupa moja moja, akitafuta rangi niliyompa. Nimeanza kuuliza nauli za Nimule. Nitamvusha hata kwa kumfunga kamba, na yeye atanilaani kama utakavyonilaani wewe, kwa kuwa huenda nikamrudisha akiwa ndani ya sanduku, au nisimrudishe kabisa.

Mwachie nafasi kando yako, lakini usimwite. Na ukinijia ndotoni, usiniambie chochote. Mimi na wewe hatukuwa watu wa maneno mengi. Nyosha tu mkono wako nje ya shuka, niuone umefumba ngumi.

Ni mimi, binti yako uliyemwachia siri,
Kiden